Mgeni na Jembe: Deni la Mhakiki kwa Mwandishi Chipukizi

1. Utangulizi

Swali tunalolijadili katika makala haya ni la maadili kabla ya kuwa la nadharia: je, mhakiki ana deni gani kwa mwandishi anayeanza kuandika? Nadharia tunazozifundisha katika idara zetu, ziwe za umuundo, za umaksi au za ufeministi, hutueleza namna ya kuiendea kazi ya fasihi. Ni nadra mno kutueleza namna ya kumwendea mtu aliyeiandika kazi hiyo, hasa pale mtu huyo anapokuwa hai, hana jina, naye amesimama mlangoni na mswada mkononi.

Swali hili lina uzito wa pekee katika kipindi chetu. Tangu Tuzo ya Caine ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, jarida la Kwani? lilipoanzishwa jijini Nairobi mwaka 2003, na Tuzo ya Mabati-Cornell (ambayo baadaye ilipewa jina la Safal-Cornell) ilipoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya miswada ya Kiswahili, milango ya kuingilia katika fasihi ya Afrika imeongezeka. Katika shule za sekondari za Kenya, diwani za hadithi fupi kama vile Damu Nyeusi (2007) na Tumbo Lisiloshiba (2015) zimewafikishia wanafunzi wengi mno hadithi za waandishi mbalimbali ndani ya jalada moja. Hata hivyo, kuongezeka kwa milango si kuongezeka kwa wasomaji wanaotoa sababu. Tuzo husema ndiyo kwa wachache, na kwa wengine hunyamaza. Mwongozo wa shuleni huorodhesha dhamira, wahusika na tamathali, lakini hauthubutu kusema kwamba hadithi fulani imeshindwa, kwani kitabu kilichoteuliwa hakiwezi kuwa kibaya. Chipukizi wetu basi anaweza kuchapishwa, kutuzwa na hata kutahiniwa, asipate kamwe mtu mmoja wa kumwambia kazi yake inafanya nini na inashindwa wapi.

Dai letu ni kwamba deni la mhakiki kwa mwandishi chipukizi si upole wala si ukali. Deni lenyewe ni kumsoma kwa ukamilifu, na kuyatolea sababu yale aliyoyaona, kwa namna ambayo mwandishi anaweza kumjibu. Upole na ukali, tutakavyojaribu kuonyesha, mara nyingi ni njia mbili za kukwepa kulipa deni hilohilo moja.

2. Kisa cha kurasa mbili

Si desturi ya makala ya aina hii kuleta mambo ya nafsi. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya hawezi kulijadili suala hili kana kwamba mikono yake ni safi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliniletea hadithi fupi saba zilizopigwa chapa na kutiwa katika faili la karatasi. Nilikaa nazo wiki tatu. Nilipomrudishia, nilikuwa nimeandika chini ya ukurasa wa mwisho: kazi nzuri, una kipawa, endelea. Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake.

Ukweli ni kwamba nilisoma hadithi mbili na nusu. Katika ile ya kwanza niliona kwamba mwisho ulikuwa umegeuka mahubiri: mhusika aliyekuwa akiishi mbele ya macho yetu alifanywa ghafla kuwa mfano wa kufundishia. Katika ile ya pili, mazungumzo baina ya mama na mwanawe yalikuwa na nguvu kiasi kwamba nilisahau nilikuwa nikisoma kazi ya mwanafunzi, lakini kila baada ya mistari michache mtunzi aliingilia kati kutufafanulia tulichokwisha kukielewa. Mambo haya mawili niliyajua. Yangeandikika katika sentensi nne. Sikuyaandika, kwa kuwa nilijiambia kwamba yangemvunja moyo.

Tulikutana tena baada ya muda mrefu, akiwa amekwisha kuhitimu. Katika mazungumzo alinieleza jambo lile bila ya hasira yoyote. Katika hadithi ya tano, ukurasa wa tatu na wa nne ulikuwa umepishana wakati wa kunakili. Mtoto alizikwa kabla ya kuugua. Aliligundua kosa hilo siku moja baada ya kunikabidhi faili, akaona haya kuja kuniomba alirekebishe, akawa anasubiri nilitaje. “Mwalimu,” alisema, “nilipoona hukusema kitu, nilielewa.” Nilimwuliza kama angali akiandika. Akasema huandika, ila haonyeshi mtu.

Kisa hiki hakithibitishi kitu kwa njia ya kitakwimu. Kinachofanya ni kuliweka wazi swali lenyewe. Maneno yangu matatu yalikuwa ya upole, na yangeweza hata kuwa ya kweli, kwani kipawa alikuwa nacho. Lakini yalikuwa upole wa mtu asiyesoma. Yalimdhulumu mara mbili: kwanza kwa kumnyima usomaji, na pili kwa kumfanya asiweze tena kuisadiki sifa yoyote atakayopewa, hata na msomaji wa kweli.

3. Hoja ya malezi

Wanaotetea upole wana hoja nzito, na ni haki tuielezee kwa ukamilifu wake. Fasihi, wanasema, hukua kama mmea. Anayeanza ana mizizi michache, na upepo ambao mti mkubwa hauusikii humng’oa. Tena mwandishi wa Kiafrika huanza katika mazingira ya ukata: maktaba ni haba, wachapishaji hukimbilia vitabu vya kiada, na jamaa zake humwuliza ataacha lini mchezo huo atafute kazi. Kumwongezea mtu kama huyo uzito wa hukumu ni ukatili. Wajibu wa mhakiki basi ni kupalilia na kumwagilia maji. Kupogoa kutakuja baadaye.

Tunakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo haya. Tusichokubaliana nacho ni taswira yenyewe. Neno chipukizi ni zuri na limekita katika lugha yetu, lakini lina hatari yake. Humfanya mhakiki kuwa mkulima na mwandishi kuwa mche. Mkulima mwema huupenda mche wake, ila hazungumzi nao, wala hatarajii umjibu. Hausikilizi mche kwa kuwa mche hausemi neno. Aliyeandika hadithi, kinyume chake, amekwisha kusema neno. Amedai jambo kuhusu namna watu wanavyopenda, wanavyodanganyana na wanavyokufa. Kulijibu dai hilo kwa maji na samadi ni kukataa kwamba dai limetolewa.

Hapa ndipo upole unapogeuka dharau bila ya mwenye upole kujua. Hatumwambii mwandishi mkongwe kwamba amejaribu. Tunamwambia amekosea au amepatia. Tunapomwambia anayeanza kwamba amejaribu, tunamweka katika daraja ya wale ambao maneno yao hayawezi kuwa kweli wala uwongo, kama vile tunavyoitikia maneno ya mtoto anayejifunza kutamka. Mtoto hufurahi. Mtu mzima hujua.

4. Hoja ya upepetaji

Upande wa pili wamo wanaosema kwamba kazi ya mhakiki ni kupepeta. Hawa hupenda kutukumbusha kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Fasihi isiyopepetwa, wanadai, huwajaza wasomaji makapi, hata wakaacha kusoma. Tena lugha ina haki yake: anayeandika Kiswahili kibovu humdhulumu msomaji na kuwadhulumu wale wote walioikuza lugha hiyo kabla yake. Mwaka 1965, Taban lo Liyong alipolia kwamba Afrika ya Mashariki ilikuwa jangwa la fasihi, ukali wake ulichoma, na wapo wanaoamini kwamba ulisaidia kuamsha watu. Mwaka uliofuata Song of Lawino ya Okot p’Bitek ilichapishwa jijini Nairobi.

Hoja hii nayo ina ukweli ndani yake, ila mfano uliotolewa hauibebi. Kilio cha Taban kilihusu eneo zima. Hakikuwa usomaji wa kazi fulani ya mtu fulani. Na Okot hakuhitaji kuchomwa ili atunge, kwani alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya kwa Kiacholi mwaka 1953 na alizama katika nyimbo za watu wake. Ukali wa jumla una udhaifu uleule wa upole wa jumla: waweza kutamkwa bila ya kufungua kitabu. Aliyeandika pembeni mwa mswada “huna lugha” hakusoma zaidi ya yule aliyeandika “una kipawa”. Wote wawili wamejitoa katika kazi ya kuonyesha ni wapi na kwa nini. Tofauti yao ni ya mwenendo tu.

5. Mifano miwili ya upokezi

Tuziangalie kazi mbili za mwanzo za waandishi wa Kiafrika ambazo historia imekwisha kutupa nafasi ya kuzitathmini.

Ya kwanza ni The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola, iliyochapishwa jijini London na kampuni ya Faber and Faber mwaka 1952. Tutuola, mzaliwa wa Abeokuta, alikuwa na elimu ya miaka michache tu ya shule na alikuwa akifanya kazi ya utarishi katika idara ya kazi ya serikali jijini Lagos. Huko Uingereza, mshairi Dylan Thomas alikisifu kitabu hicho katika gazeti la Observer, na wengi wakamfuata. Huko kwao Naijeria, baadhi ya wasomi waliona haya: Kiingereza kile, walihofia, kingewapa Wazungu sababu ya kuwacheka Waafrika wote. Basi huku walimpenda kwa kuwa walimwona kama mtu asiyeharibiwa na elimu, na kule walimkataa kwa sababu iyo hiyo. Katika kitabu chenyewe wachapishaji waliweka picha ya ukurasa wa mswada ukiwa na mwandiko wa mtunzi na masahihisho ya mhariri juu yake. Ukurasa huo unastahili kutafakariwa. Mwandishi gani mwingine aliyeingizwa duniani kwa kuonyeshwa kwanza makosa yake, yakiwa ni pambo? Wapole na wakali walikutana hapo. Ilichukua miaka mingi kabla ya wahakiki kuanza kuuliza swali lililostahili kuulizwa tangu mwanzo: masimulizi haya yanajengwaje, yanachukua nini kutoka ngano za Kiyoruba, na sentensi zake zinafanya kazi gani ambayo sentensi sanifu zisingeifanya?

Ya pili ni ya kwetu. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971 na diwani ya Kichomi mwaka 1974. Ilipotoka riwaya ile alikuwa bado hajatimiza miaka 30. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa muda nchini Tanzania. Diwani ilizua mgogoro ambao kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anaufahamu: je, utungo usio na vina na mizani ni shairi? Wanamapokeo walisema la. Walisema hivyo kwa nguvu, katika makongamano, magazetini na vitabuni, kwa muda wa miaka mingi.

Leo mashairi huru hufundishwa katika shule za sekondari bila ya mwalimu kuomba radhi, na ni rahisi kuwacheka wanamapokeo wale. Tunadhani kuwacheka ni kutoelewa walichofanya. Walitaja walichokikataa. Walifafanua arudhi wanayoitetea, wakaeleza kwa nini vina na mizani si pambo bali ni uti wa utungo unaoimbwa na kuhifadhiwa kichwani. Walimpa Kezilahabi na wenziwe kitu cha kujibu, na majibu yakaja, kwa hoja na kwa tungo. Mwaka 1988 Kezilahabi mwenyewe alitoa diwani ya pili, Karibu Ndani, bila ya kurudi katika vina. Walikosea, kwa maoni yetu, kuhusu mipaka ya shairi. Hawakukosea kuhusu deni. Kijana aliyepingwa hivyo aliheshimiwa zaidi kuliko Tutuola aliyesifiwa.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi watu wa Kiswahili. Katika utamaduni wa malumbano, ambao tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu katika karne ya 19 ni mfano wake mashuhuri, heshima kubwa ambayo malenga aliweza kumpa malenga mwenziwe ilikuwa kumjibu. Na kulijibu shairi kulihitaji kulisoma ubeti kwa ubeti, kwa kuwa jibu lilijengwa juu ya maneno ya mpinzani. Aliyepuuzwa ndiye asiyejibiwa.

6. Siku ya tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufasiriwa aghalabu kuwa ni onyo dhidi ya uvivu au ni namna ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Tunapendekeza isomwe vingine. Katika siku mbili za mwanzo mgeni hupewa kiti kizuri na maji ya kuoga, haulizwi kitu, na wala hasemi kitu chenye uzito nyumbani humo. Jembe la siku ya tatu huondoa raha hiyo, ila humpa kitu ambacho kiti hakikumpa: sasa yumo. Atalima pamoja na wenyeji, na mstari wake ukipinda ataambiwa umepinda. Anayepewa kiti kila siku hajawahi kukaribishwa.

Upole tunaoutetea una mahali pake, nao ni siku mbili hizo. Kumpokea anayeanza kwa uchangamfu, kumtafutia kitabu, kumwonyesha gazeti au jarida litakalomfaa, kumtuliza jamaa anayeona anapoteza wakati: haya yote ni ukarimu wa lazima. Kosa ni kuuendeleza ukarimu huo hadi ndani ya usomaji wenyewe. Mwaka 1962, katika kongamano la waandishi lililofanyika Makerere, mwanafunzi aliyeitwa wakati huo James Ngugi alimpa Chinua Achebe mswada wa riwaya yake. Achebe alikuwa na umri wa miaka 31 na riwaya mbili zilizochapishwa. Aliusoma mswada, akatoa maoni yake, na kazi hiyo ikafika kwa mchapishaji. Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964. Tunaikumbuka hadithi hii kama kisa cha mkubwa kumwinua mdogo. Lakini tuupime umri wao: mtu wa miaka 31 na mtu wa miaka 24. Kilichopita kati yao kilifanana zaidi na jembe kuliko kiti.

7. Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la muda. Mhadhiri ana madarasa, ana tasnifu za kusimamia, na miswada inayomjia ni mingi. Hawezi kusoma yote. Hili ni kweli, lakini halihalalishi uwongo. Asiyeweza kusoma na aseme hajasoma. Ningemrudishia mwanafunzi wangu faili na kumwambia kwamba nilisoma hadithi mbili na nusu, na kwamba niliyoyaona katika hizo ni haya na haya, ningekuwa nimelipa sehemu ya deni. Deni lililolipwa nusu kwa uwazi ni bora kuliko lililotangazwa kuwa limelipwa lote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mhakiki anaweza kukosea. Anachokiita kosa huenda kikawa ni upya asioujua, na kwa kuwa ana mamlaka, kosa lake linaweza kuizima sauti ambayo kizazi kijacho kingeihitaji. Lakini hofu hii haitupeleki katika kunyamaza. Hutupeleka katika kutoa sababu. Hukumu isiyo na sababu haiwezi kukanushwa, na ndiyo maana ni ya hatari. Anayesema “mwisho wa hadithi hii ni mahubiri, kwa kuwa mhusika anatamka pale jambo ambalo hadithi haikumpa njia ya kulijua” amejiweka mahali anapoweza kujibiwa. Mwandishi aweza kusema: la, lilidokezwa katika ukurasa wa pili. Hapo mhakiki atafunua ukurasa wa pili. Kuweza kukanushwa ndiko kunakomfanya mhakiki awe msomaji badala ya kuwa hakimu.

Pingamizi la tatu ni la maumivu. Wapo wataoumia, hata tukisema kwa uangalifu. Hatuna jibu la kulifuta pingamizi hili. Tunachoweza ni kutofautisha maumivu na aibu. Mswada ni siri baina ya wawili, na aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuutangaza udhaifu wake mbele ya darasa wala katika makala. Ndiyo sababu mwanafunzi wangu hatambuliki hapa, wala hadithi zake hazisimuliwi. Kazi iliyochapishwa, kwa upande wake, imetoka hadharani, na huhukumiwa hadharani. Maumivu yanayobaki baada ya aibu kuondolewa ni yale ambayo kila anayefanya kazi ya dhati huyapata anapoiona kazi yake kwa macho ya mwingine. Hatuna haki ya kumnyima mtu maumivu hayo kwa kisingizio cha kumpenda.

8. Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza mhakiki anamdai nini na anadaiwa nini na anayeanza. Tumejaribu kuonyesha kuwa upole na ukali, vikitengwa na usomaji, ni kitu kimoja chenye sura mbili, na kwamba upinzani wenye sababu huwa na heshima kuliko sifa isiyo na sababu. Kama hoja hii ina mashiko, basi ina matokeo kwa namna tunavyoendesha idara zetu: majopo ya tuzo yawape sababu hata wasioshinda, wahariri wa diwani waeleze wanachokikataa, na wanafunzi wetu wa uzamili wazoezwe kuhakiki kazi za watu wasiojulikana kwa bidii ileile wanayoipeleka kwa Shaaban Robert.

Kuhusu faili lile, nimeomba kulisoma tena. Mwenyewe bado hajanijibu. Ana haki ya kukataa, kwani mwenye jembe naye huchagua wa kulima naye. Akikubali, nitaanza na hadithi ya tano.